Kuvuta Tairi Kwenye Rimu Pana: Anza na Tairi, Rimu Ifuate

Mwenye Toyota Altezza anayetaka gari lake likae chini, mdomo wa rimu uonekane wazi na ubavu wa tairi ulale kuelekea ndani kama turubai la hema, kwa kawaida huanza kwa kununua rimu. Rimu za spoti pana zimejaa katika maduka ya spea ya Ilala na Kariakoo, na macho hushindwa kuvumilia. Tairi hutafutwa baadaye, mara nyingi kwa kuangalia bei na katika rundo la mitumba, mpaka mtu ajikute na tairi la upana wa milimita 195 mkononi na rimu ya inchi 9 sakafuni. Mwongozo huu unakwenda kinyume na utaratibu huo: chagua kwanza tairi linaloruhusu kuvutwa, kisha utafute rimu inayolifaa.

Kuvuta tairi ni kulifunga kwenye rimu iliyo pana kuliko ile ambayo tairi hilo hufungwa kwa kawaida. Wajapani huuita mtindo huu hippari, neno lenye maana ileile ya kuvuta. Faida yake ya kiufundi ni moja tu, nayo ni nafasi: bega la tairi hurudi ndani, hivyo gari lililoshushwa linaweza kuzungusha rimu pana bila kashata, yaani mpira unaokanyaga barabara, kulamba ukingo wa fenda. Anayekuambia kwamba tairi lililovutwa hushika barabara vizuri zaidi anakuuzia maneno. Ubavu uliokazwa huitikia usukani upesi, lakini hupokea pigo la shimo vibaya, na mdomo wa rimu hubaki bila mpira wa kuukinga.

Tuanze na maandishi ya ubavuni. Tairi lililoandikwa 215/45R17 87W lina upana wa milimita 215, urefu wa ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, na linavaa rimu ya inchi 17. Namba 87 ni kipimo cha uzito, maana yake ni kilo 545 kwa tairi moja, na W ni mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa. Kile ambacho ubavu hausemi, na ambacho watu hawaulizi, ni kwamba kila kipimo cha tairi kina upana wa rimu ulioidhinishwa, na mtengenezaji huuweka katika jedwali lake. Tairi la 215/45R17 limeidhinishwa kwa rimu za inchi 7 hadi 8. Tairi la 215/40R17, lenye upana uleule lakini ubavu mfupi zaidi, linakubali inchi 7 hadi 8.5. Kwa wanaopenda rimu za 18, tairi la 225/40R18 linakubali inchi 7.5 hadi 9.

Hapo ndipo ilipo siri ambayo ningependa kila kijana wa mjini aijue kabla hajatoa fedha. Inchi 8.5 ni sawa na milimita 216 hivi, na inchi 9 ni sawa na milimita 228 na ushee, kwa hiyo tairi la 215/40R17 kwenye rimu ya inchi 8.5, au la 225/40R18 kwenye rimu ya inchi 9, tayari linaonekana limevutwa, ubavu umelala na mdomo wa rimu uko nje, ilhali hujatoka nje ya mipaka ya mtengenezaji hata kidogo. Mafundi wengi wanapoulizwa kuhusu kipimo hujibu kwamba "inaingia". Kuingia si hoja, kwa kuwa fundi mwenye subira na kompresa nzuri anaweza kuingiza karibu chochote. Hoja ni kama tairi litabaki mahali pake siku utakapokata kona ukiwa na abiria watatu nyuma. Mimi mwenyewe nilianza na 205/40R17 kwenye rimu ya inchi 9.5, yaani inchi moja na nusu kupita mpaka, na asubuhi moja ya masika, nilipopanda tuta kwa upande upande kule Mbagala, tairi la nyuma lilitema upepo wote kwa mkupuo mmoja na gari likaketi juu ya rimu. Upepo ulikuwa umepungua kidogo tu usiku ule. Tangu siku hiyo sivuki jedwali, na sitakuelekeza jinsi ya kulivuka.

Uzito nao una mtego wake. Altezza ya RS200 ilitoka kiwandani na tairi la 215/45R17 lenye namba 87. Ukihamia 215/40R17, tafuta lililoandikwa 87 XL (XL ni tairi lililoimarishwa libebe uzito zaidi), si 83, kwani 83 ni kilo 487 tu. Hata hivyo XL haitoi nguvu hiyo bure. Tairi la kawaida hufikia uwezo wake kamili likiwa na upepo wa takribani psi 36 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), na la XL huufikia likiwa na takribani psi 42, maana yake ni kwamba kwa upepo uleule la XL hubeba uzito pungufu kidogo kuliko mwenzake wa namba hiyohiyo. Kama kibandiko cha mlangoni kinaagiza psi 32, weka 37 na ushee. Kipenyo pia kinashuka kutoka milimita 625 hadi 604, pungufu ya asilimia tatu na nusu hivi, kwa hiyo spidomita itaonyesha mwendo mkubwa kidogo kuliko ule unaokwenda kweli.

Sasa rimu. Ofseti, ile namba inayofuata herufi ET au alama ya kujumlisha, ni umbali wa milimita kutoka katikati ya rimu hadi uso unaogusa habu, yaani kitovu cha gari ambacho rimu hufungwa juu yake, na hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba hakuna sababu ya kubahatisha. Chukua nusu ya upana wa rimu kwa milimita. Ukitoa ofseti unapata urefu wa kwenda nje, na ukijumlisha ofseti unapata urefu wa kwenda ndani. Rimu ya kiwandani ya inchi 7 yenye ofseti 50 inakwenda nje milimita 38.9 na ndani milimita 138.9. Rimu ya inchi 8.5 yenye ofseti 40 inakwenda nje milimita 67.95 na ndani milimita 147.95. Tofauti ni milimita 29 za nje na 9 za ndani. Basi lala chini ya gari ukiwa na rula na upime: je, kuna milimita 9 za ziada, na nyingine chache za kupumulia, kati ya tairi la sasa na shokapu? Kumbuka pia kwamba upana ulioandikwa hupimwa kati ya mahali tairi linapokaa, na midomo miwili ya rimu huongeza takribani inchi moja kwa jumla. Kwenye tairi lililovutwa mdomo ndio sehemu inayotokeza zaidi, kwa hiyo mdomo ndio utakaoligusa fenda kwanza, na ndio utakaokwaruza kingo za njia ya mwendokasi.

Tundu la kati la rimu za madukani huwa kubwa kuliko habu ili rimu moja ivae magari mengi. Habu ya Altezza ina milimita 60.1, rimu nyingi za namna hiyo zina 73.1, na pengo hilo huzibwa kwa ringi ya plastiki au aluminiamu. Bila ringi, usukani hutetemeka na mwenye gari huzunguka gereji tatu akitafuta balansi isiyo na kosa. Nati ni jambo zito zaidi. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, ilhali za madukani huhitaji nati zenye ncha ya koni. Ukifunga nati bapa kwenye tundu la koni, spana itakaza na moyo utatulia, lakini kinachoshika rimu ni ukingo mwembamba tu, na nati italegea. Toyota hutumia uzi wa milimita 12 wenye hatua ya 1.5, na Subaru 12 wenye hatua ya 1.25. Nati za gari moja usizilazimishe kwenye jingine.

Tairi liwe jipya. Ninajua bei, na ninajua mtumba wa Japani unavyovutia ukiwa na kashata nene, lakini mpira uliokauka haupendi kuvutwa. Soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Ukiona nyufa nyembamba karibu na ukingo wa tairi, yaani ile sehemu yenye waya ndani inayokaa kwenye rimu, lirudishe.

Ufungaji wenyewe ufanyike kwa fundi mwenye mashine, si kwa mataruma (vyuma vya kubenulia tairi) na nyundo, kwa sababu ubavu mfupi hauna nafasi ya kusamehe taruma. Simama karibu uangalie. Kwanza, kikalio cha rimu kisuguliwe kwa brashi hadi kutu na mabaki ya mpira wa zamani yatoke, na valvu iwe mpya. Kisha kingo zote mbili za tairi na za rimu zipakwe sabuni nzito ya kufungia tairi. Grisi, dizeli na oili chafu zisitumike, kwani hushambulia mpira na kuuacha ukiteleza ndani ya rimu baadaye. Upande wa rimu ulio karibu na bonde la katikati, yaani ile sehemu ya rimu iliyozama, utazame juu, na wakati mashine inazungusha, fundi ausukume ukingo wa upande mwingine uzame ndani ya bonde hilo. Tairi linaloingia kwa kulia na kukwaruza halijazama bondeni.

Shida ya kweli huanzia kwenye upepo. Kingo za tairi ziko ndani mno, hazigusi rimu, na upepo unaoingizwa unatoka palepale. Kwanza toa kile kijipini cha ndani ya valvu ili upepo uingie kwa kasi. Ikiwa bado haujashika, zungushia mkanda wa kukaza katikati ya kashata na uukaze taratibu. Kashata ikibonyea, kingo hufunguka kwenda pembeni na kukutana na rimu, na mkanda ulegezwe mara tu tairi linapoanza kuvimba. Njia safi zaidi ni tangi la upepo linaloachia hewa yote kwa mara moja kwenye pengo, na gereji kubwa za matairi za Dar es Salaam wanazo. Nimewahi kumtazama mzee mmoja wa Kinondoni akitumia mpira wa ndani wa baiskeli: aliulaza kati ya ukingo wa juu wa tairi na mdomo wa rimu, akaujaza upepo kidogo ukawa kama muhuri, na tairi lilipoanza kupanda mpira ule ukateleza nje wenyewe kama samaki mkunga anayetoka kwenye mwamba. Hakusema neno. Aliupangusa sabuni akautundika msumarini.

Njia ambayo haifai kabisa ni ile ya kupuliza petroli au gesi ya kopo ndani ya tairi na kuiwasha. Msukumo wake hauna kipimo, unaweza kupasua tairi au kuunguza uso wa fundi, na mvuke unaobaki ndani ni hatari kwa yeyote atakayechomelea rimu hiyo siku nyingine. Fundi akitoa kiberiti, chukua rimu yako uondoke.

Kingo zinapokaa utasikia milio miwili, paa, kisha paa. Upepo wa kukalishia usizidi psi 40. Kama kingo hazijakaa kufikia hapo, toa upepo wote, paka sabuni upya na urudie, kwa sababu tairi linalopasuka kwa upepo linaua. Fundi atumie bomba refu lenye kishikio, na kila mtu akae mbali na ubavu. Ubavuni karibu na rimu kuna mstari mwembamba unaozunguka, na umbali wake kutoka kwenye mdomo uwe sawa pande zote, nje na ndani. Rudisha kijipini, jaza upepo wa kuendeshea, mwagia maji ya sabuni kutafuta mapovu, kisha uliache tairi usiku mzima na upime tena asubuhi kabla ya kubalansi.

Unapofunga kwenye gari, kaza nati kwa mtindo wa nyota na umalizie kwa spana ya kipimo, ambayo kwa Toyota nyingi ndogo ni Nyutonimita 103. Rudia baada ya kilomita 50 hadi 100. Kabla ya kuingia barabarani kata usukani hadi mwisho kila upande, kisha waketishe watu wanne na uendeshe polepole kwenye tuta, ukisikiliza. Alaimenti ni lazima kwa gari lililoshushwa, la sivyo bega la ndani litaisha wakati la nje bado lina kashata.

Kuanzia hapo geji ya upepo ikae ndani ya gari, na upimaji uwe wa kila wiki, asubuhi, matairi yakiwa baridi. Tairi la kawaida husamehe psi 6 zilizopotea. Lililovutwa halisamehi. Wakati wa masika madimbwi huficha mashimo, na katika msimu huo mimi hurudisha rimu za kiwandani, jambo ambalo wenzangu hulicheka. Kila baada ya kugonga shimo, pitisha kiganja kwenye ubavu wa nje na wa ndani. Ukigusa nundu, hata ya ukubwa wa kunde, nyuzi za ndani zimekatika, na tairi hilo litoke siku hiyohiyo.