Kabla ya kumlipa mtu akuundie programu ya biashara

Anza na daftari. Kwa siku 14, kila kazi inapokwama, andika saa, aliyekuwa zamu, kilichokwama, na dakika au shilingi zilizopotea. "Stoo imevurugika" haisaidii. "Dakika 25, jora moja limeuzwa kwa wateja wawili" inasaidia.

Mengi utakayoyaandika yatatibika bila programu mpya. Chukua malalamiko ya kila siku Nairobi: pesa zimeingia M-Pesa, hujui ni za nani. Kati ya namba mbili za M-Pesa za kupokelea malipo ya biashara, Till haina sehemu ya mteja kuandika namba ya akaunti, Paybill inayo. Hamia Paybill, na mteja aandike namba ya ankara kwenye akaunti. Wapo watakaoandika jina la mtoto. Hao wachache karani awafuatilie kwa mkono.

Sasa tuseme unauza vitambaa Eastleigh. Kompyuta inasema zimebaki mita 5, mteja anataka 4 za suti, kumbe stoo kuna vipande viwili, cha mita 3 na cha mita 2. Hapa ndipo wengi huamua kwamba biashara yao ni ya kipekee. Kwanza kipe kila kipande namba yake kama bidhaa tofauti, ubane karatasi ya namba na urefu kwa pini, na kikikatwa urefu ubadilishwe papo hapo. Programu za kawaida za duka, zile za kulipia kwa mwezi, zinaliweza hilo. Ijaribu mwezi mzima, hesabu za mwisho wa mwezi zikiwemo, na uulize kama inatoa ankara za eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya: tangu Januari 2024, mteja mwenye biashara asipopata ankara hiyo, KRA haimruhusu kuondoa gharama hiyo kwenye hesabu ya kodi yake.

Ikishindwa, piga hesabu. Mfano: karani hupoteza saa 2 kwa siku, siku 26, kwa shilingi 200 kwa saa. Ni 10,400 kwa mwezi, 124,800 kwa mwaka. Umeambiwa programu ni 400,000, na matunzo 60,000 kila mwaka. Unabaki na akiba ya 64,800 kwa mwaka, kwa hiyo pesa yako hurudi baada ya miaka 6 na zaidi, tena ikiwa saa zote 2 zimeokolewa. Ajiri kibarua. Lakini kama daftari linaonyesha 40,000 kwa mwezi, kila mwezi, kwa kosa lile lile, endelea. (Kama bei zako hufuata hisia za mwenye duka asubuhi hiyo, hakuna programu itakayozijua.)

Ukiamua kuundiwa, anza na kazi hiyo moja. Seva (kompyuta inayoendesha mfumo), jina la tovuti na akaunti ya Daraja (huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa) ziandikishwe kwa jina la biashara, si la fundi. Akihama, hutabaki ukimbembeleza kwa simu. Uliza pia: seva ikizimika wakati Safaricom inatuma taarifa ya malipo, itakuwaje? Pesa itakuwa imeingia lakini mfumo hautajua, hivyo lazima pawe na njia ya kuulinganisha na taarifa ya M-Pesa kila jioni.

Lipa kwa awamu. Ile ya mwisho, tuseme asilimia 30, ishikilie hadi fundi mwingine asimamishe mfumo wote kwenye kompyuta mpya kwa kufuata maelezo yaliyoachwa tu, bila kumpigia wa kwanza.