Primrozi ya jioni: ichimbe kabla haijapandisha shina

Ndugu mliohamia Marekani na Kanada mkapata kipande cha bustani ya jumuiya, huenda kwenye palizi mmeshaing'oa primrozi ya jioni mkaitupa na magugu mengine. Mmea huu, Oenothera biennis, asili yake ni mashariki na katikati ya Amerika Kaskazini, na wenyeji wa huko waliufanya chakula. Wacherokee walichemsha mzizi wake wakaula kama viazi, na majani wakayapika mboga. Waojibwe waliuloweka mmea mzima kwenye maji ya uvuguvugu, wakaubandika penye michubuko.

Mwaka wa kwanza hutandaza majani chini kwa duara na kuweka akiba yake kwenye mzizi mmoja mnene. Mwaka wa pili hupandisha shina, huchanua maua ya njano jua linapozama, nondo huyachavusha usiku, kisha mmea hufa. Kwa hiyo ukingoja maua umechelewa. Mzizi umeshakuwa mgumu. Chimba Oktoba au Novemba kabla ardhi haijaganda, au mara theluji inapoyeyuka. Menya, katakata, chemsha, mwaga maji ya kwanza kwa sababu yana ukali, kisha chemsha tena hadi ulainike.

Ila usichimbe mmea wa porini usioujua vizuri. Digitalisi, ua la bustani liitwalo foxglove kwa Kiingereza, nayo hutandaza majani hivyo hivyo mwaka wa kwanza, na sumu yake huua. Ukiwa na shaka hata kidogo, uache mmea uchanue. Primrozi ina petali nne za njano, na katikati ya ua pana ncha nne zilizokaa kama msalaba. Chukua mbegu zake, upande mwenyewe.

Mbegu hizo zinataka mwanga ili ziote, basi usizifukie. Zitawanye juu ya udongo usiotuamisha maji, penye jua, uzigandamize kwa kiganja tu. Miche ikishika, ipunguze ibaki sentimita 30 kati ya mmoja na mwingine.

Mafuta yanayouzwa madukani hukamuliwa kutoka kwenye mbegu. Kama mtoto ana pumu ya ngozi, sishauri fedha yenu iende huko: Uingereza ilifuta leseni ya dawa za mafuta haya mwaka 2002 kwa kuwa ushahidi kwamba yanatibu haukutosha.

Kwa mbegu, bakiza mashina mawili matatu tu, na hapa naomba msilegee. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alifukia chupa zenye mbegu za mimea mbalimbali huko Michigan. Miaka 80 baadaye, baadhi ya mbegu za primrozi hii zilikuwa bado zinaota. Ukiziacha zidondoke, jirani wa kipande cha pili atazipalilia miaka na miaka. Vifuko vya mbegu hukauka kuanzia chini ya shina kwenda juu, na kila kimoja hupasuka kwenye ncha. Vya chini vikianza kugeuka kahawia, kata shina zima, liinamishe ndani ya mfuko wa karatasi, ulitundike mahali pakavu.