Maneno Adimu ya Kiingereza: Anza na Yaliyo Karibu Nawe

Usiyaokote maneno kwenye kamusi kuanzia herufi A. Chukua matano kwa siku, yasizidi, na kila moja liwe na pa kulishikia. Aliyeko Tanga hana haja ya kwenda mbali: maji ya mlango wa Mto Pangani, ambayo si ya mto wala si ya bahari, huitwa "brackish". Silikanti, samaki aliyetengewa hifadhi ya bahari hapa Tanga mwaka 2009, ni "coelacanth", kutoka Kigiriki "koilos", chenye uwazi ndani, na "akantha", mwiba. "Monsoon", pepo zetu za kaskazi na kusi, asili yake ni "mawsim" la Kiarabu, lilelile lililotupa neno msimu. Neno ukishalijua ukoo wake halikutoroki upesi.

Kata manila vipande vya sentimita 8 kwa 5. Mbele andika sentensi yenye pengo: "The well near the beach gives ____ water." Nyuma andika neno lenyewe, matamshi yake, na maneno linalopenda kuandamana nayo. Pitia kadi baada ya siku 1, 3, 7 na 21. Ukikosa, kadi inaanza upya.

Panapoharibika zaidi ni kwenye tafsiri ya neno moja. "Frugal" na "parsimonious" yote unaweza kuyaandikia "mbanaji wa matumizi", lakini la kwanza ni sifa njema, na la pili ni kumwita mtu bahili. "Notorious" nalo ni maarufu kwa ubaya. Ukimwita hivyo mwalimu wako kwenye barua ya shukrani, umemtukana. Kwa hiyo kwenye kila kadi weka alama: + kwa sifa, – kwa lawama.

Kuna na mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu umezoea hapo, ndiyo maana "ubiquitous", yaani kilichopo kila mahali, hutamkwa yu-bi-KWI-tas. Sahihi ni yu-BI-kwi-tas. Pigia mstari silabi inayokazwa.

Kadi ikivuka siku ya 21, tunga sentensi zako tatu umpe anayekijua Kiingereza azisome. Katika insha ya ukurasa mmoja, maneno adimu mawili yanatosha. Ukiwa na shaka na neno katikati ya mtihani, andika lile la kawaida.