Akikupepesea Taa Mwenye Turbo: Namna ya Kumjibu

Kila Alhamisi alfajiri natoka Malindi kwenda Mombasa kununua leso Mtaa wa Biashara, na jioni narudi na korija zimejaa nyuma. Ni kilomita kama 120 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Gari langu ni Subaru Forester ya turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa zaidi ipate nguvu, gia za mkono, ile yenye pua ya kuvutia hewa juu ya boneti. Kwa ajili ya pua hiyo, na mlio wake, haupiti mwezi bila kijana fulani kuniganda nyuma akinipepesea taa, yaani ananiita tushindane mwendo. Wewe mwenye gari la namna hii utaitwa vivyo hivyo, ghafla, na utakuwa na sekunde chache tu za kuamua. Afadhali uwe umeamua tangu nyumbani.

Kwanza tambua kama umeitwa kweli. Anayetaka kupita tu hupepesa mara moja, akatoa indiketa ya kulia, akapita akaenda zake. Anayekuita hukaribia, akarudi nyuma kidogo, akakaribia tena. Hushusha gia ili uisikie injini yake ikipanda. Akishapita hapotei, hupunguza mwendo akakungoja. Na mkiwa sambamba akipiga honi tatu fupi, ile ya tatu ndiyo ya kuondokea.

Mimi wito mwingi hunikuta kati ya Mida na Gede, pale barabara inapopita kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mtu akiona lami tupu na miti huhisi yuko peke yake duniani. Hayuko peke yake. Nyani huvuka pale. Watoto wa shule huvuka. Jioni wako watu wa baiskeli zisizo na taa, wamebeba makaa, madafu, makuti.

Mwaka wa kwanza wa gari hili nilijibu. Kijana alikuwa na Subaru Impreza nyeupe, nami nikakanyaga mafuta, turbo ikashika, mgongo ukagandamana na kiti, na ni kweli kabisa kwamba moyo wangu ulifurahi. Kabla ya kufika Gede mzee mmoja akatokeza na baiskeli iliyofungwa makuti pande zote mbili. Nilikuwa kwenye 140. Kwa mwendo huo gari hula kama mita 39 kila sekunde, na binadamu huchukua kama sekunde moja na nusu tangu jicho lione hadi mguu ufike kwenye breki. Hizo ni mita 58 zimekwisha na gari bado halijaanza hata kupunguza. Tena ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huzidi mara nne. Sikumgonga, Alhamdulillahi. Alijitupa mtaroni, baiskeli ikalala, makuti yakatawanyika barabarani. Wa Impreza hakusimama. Mimi nilisimama, nikamwinua, tukaokota makuti pamoja, mikono yangu ikitetemeka hata siwezi kufunga kamba. Akaifunga yeye. Akaniuliza, "Mwanangu, ulikuwa unakimbilia mgonjwa?" Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku hiyo najibu hivi, na naomba nawe ujibu hivi. Usifunge breki kwa ghafla, maana yuko karibu sana nyuma yako. Ondoa mguu polepole, washa indiketa ya kushoto, shika upande wako. Akija ubavuni usiongeze hata kidogo. Yuko upande wa magari yanayokuja, na nafasi ya kurudi salama iko mguuni mwako, kwa hiyo mpunguzie ili arudi mbele yako mapema. Akishaingia, washa taa za dharura mara mbili. Hiyo ni asante na ni salamu, na karibu kila mtu wa barabara hii huielewa. Wengine huenda zao hapo hapo. Ukitaka kuonana naye, toa mkono dirishani uelekeze mbele, kisha ingia kituo cha mafuta chenye watu na mwanga. Usisimame kandokando ya msitu usiku, hata akionekana mtu mwema kiasi gani, na hasa ukiwa mwanamke peke yako.

Kituoni kaa mbali na pampu, karibu na pale wanapojaza upepo. Na hapa usikimbilie kuzima injini. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoulainisha na kusaidia kuupoza ni oili inayosukumwa na injini. Ukizima ukiwa umetoka kuikaza, oili husimama pale pale kwenye chuma cha moto, ikaungua, ikawa masizi magumu. Baadhi ya turbo zinazofikishwa kwa fundi zikitoa moshi wa buluu zimeharibiwa namna hiyo. Acha injini ingurume taratibu dakika moja au mbili. Huo ndio wakati wa kusalimiana.

Salimia kabla ya kuuliza nguvu za farasi ni ngapi. Mwezi uliopita aliyeniita alikuwa kijana wa Mitsubishi Lancer Evolution, na aliposhuka akakuta mama mwenye buibui alisita mlangoni.

"Asalaam aleikum, mama. Nilidhani ni gari la mzee."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Gari ni langu. Fungua boneti tuone."

Akafungua, nami nikafungua, tukasahau saa. Ukipata mtu kama huyo, mwambie akuonyeshe intakula yake, kile kipoza hewa ya turbo. Ya Lancer imekaa mbele, nyuma ya bampa, inapigwa na upepo moja kwa moja. Yangu imelala juu ya injini, na kwa joto letu la Malindi, ukisimama kidogo tu hufyonza joto lote la chini yake, gari likaondoka limechoka. Injini yake, 4G63, silinda zimesimama wima kwa mstari. Yangu, EJ20, zimelala ubavu, mbili huku na mbili kule, na mabomba yake ya ekzosi hayalingani urefu, ndiyo maana mlio ni ule wa kugugumia. Usiguse kitu cha mtu bila ruhusa, wala usifungue kifuniko cha rejeta cha moto, hata chako. Tazama tairi za mwenzako, msomee tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Za yule kijana zilikuwa kuukuu kupita kiasi, nikamwambia wazi, naye akashukuru.

Mkitaka kubishana nani zaidi, iko Safari Rally. Mwaka 1996 alishinda Mäkinen na Lancer. Mwaka 1997 McRae na Impreza. Mwaka 1998 Burns na Mitsubishi Carisma, na 2000 Burns huyo huyo amehamia Impreza. Mwaka 2001 Mäkinen tena, na Lancer. Kijana alizijua zote isipokuwa ile Carisma, akakataa kuamini mpaka akaitafuta kwenye simu. Nimeona kiu yake ya kushindana ni ya kweli, na siyo kosa. Nikamwambia atafute klabu ya mashindano yenye kibali, avae kofia ngumu ya kujikinga, akimbie kwenye njia iliyofungwa yenye wasimamizi na ambulensi. Pia asome karatasi yake ya bima, maana nyingi hazilipi gari likiwa mashindanoni.

Kuagana nako kuna adabu yake. Msitoke pamoja, maana mkitoka pamoja mmoja atakanyaga na mwingine atafuata. Mwenye safari ndefu atangulie, mwingine anunue maji, ahesabu dakika tano. Kijana alikuwa anakwenda Mambrui, ng'ambo ya daraja la Sabaki, kwa hiyo nilimpisha yeye. Alitoka kituoni polepole, akapita tuta kwa gia ya kwanza, na alipofika kwenye lami akawasha taa za dharura mara mbili.