Namna ya kuandika mti unaobeba mahangaiko ya mtu

Usianze na "moyo wangu hautulii" halafu ukabandika mti pembeni kama pambo. Anza na mti wenyewe, mizizi imeushika hauendi popote ila matawi hayatulii, na hapo ndo utamu ulipo maana sisi nasi tuko hivohivo, mwili umekaa akili inazurura. Chagua tendo moja: kupukutisha majani, kuinamia mwanga, au mizizi kutafuta maji gizani. Mi naipenda mizizi, wengi wanaisahau kabisa!

Kama ni shairi la mizani 16, yaani silabi 16 kila mstari, jaribu kuweka mti kwenye ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) na mtu kwenye utao (nusu ya pili), nane kwa nane. Alafu soma kwa sauti, na palipo na maelezo ya hisia kata, weka kitenzi.