Somo: Homa kali siku tatu, kisha vipele

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2 anachemka siku tatu au nne, nyuzi 39 mpaka 40, halafu homa inakata ghafla na vipele vinatoka. Mara nyingi hiyo ni roseola. Inaletwa na virusi, hasa HHV-6, na huisha yenyewe. Huku kwetu Mtwara na Lindi mtoto akichemka anapewa dawa mseto ya malaria, vipele vikitoka siku ya nne lawama zote zinaiendea dawa.

Hatua ya 1: Pima malaria. Siku ya kwanza ya homa, hata kama ni msimu wa korosho na nyumba nzima iko shambani, mpeleke zahanati atobolewe kidole. Roseola haijulikani mpaka vipele vitoke, na malaria haisubiri. Aliye chini ya miezi 3, homa yoyote ni hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Shusha homa. Paracetamol ya maji, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa 6. Wa kilo 8, kama chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, asizidishe mililita 5 kwa mara moja. Pima kwa bomba lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani. Aspirini hapana. Mnyonyeshe mara kwa mara, na mablanketi ya bibi yakae kando (atanuna, mwache anune).

Hatua ya 3: Tazama kipi kimetangulia. Surua hutoa vipele homa ikiwa bado kali, vinaanzia usoni na nyuma ya masikio, macho mekundu, mafua na kikohozi juu. Roseola hungoja homa iondoke, ikaanzia kifuani, tumboni na mgongoni, haiwashi, na mtoto ameshaanza kucheza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unajificha, kwa hiyo mtazame kwenye mwanga wa mchana na upitishe kiganja tumboni. Bonyeza vipele kwa glasi ya kioo: visipofifia, kimbia hospitali.

Maswali

*Newala:* Shikamoo dada. Wangu alikuwa kwenye amoksilini, homa ilipokata akatoka vipele. Ndiyo mzio?

Marahaba mdogo wangu. Usiamue mwenyewe. Mpe nesi tarehe: homa ilianza lini, dawa lini, vipele lini. Mtoto akiandikiwa mzio asio nao, atanyimwa dawa nzuri miaka na miaka. Ila akivimba midomo au akihema kwa shida, hiyo ni dharura.

*Kilwa:* Alipata degedege siku ya pili. Bibi yake anakataza sindano.

Homa kali huleta degedege, na roseola inajulikana kwa hilo. Mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, kisha hospitali, maana malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo hujitokeza hivyo hivyo. Sindano haiui mwenye degedege. Bibi muelezeni kwa heshima, lakini bodaboda isisubiri kikao.

*Lindi mjini:* Chanjo ya surua ya miezi 9 haizuii hii?

Haizuii, roseola haina chanjo. Ya miezi 18 nayo usiiruke.