Kabla hujashea ile habari ya "umeme usioisha"

Ukiona kichwa cha habari kinasema wanasayansi wamepata umeme usioisha, tulia kwanza, shuka chini utafute namba, halafu jiulize wameanza kupima wapi. Chukua ile ya Desemba 2022 ya maabara ya Lawrence Livermore kule Marekani, leza zilipiga kidonge kidogo cha haidrojeni kwa megajuli 2.05 (megajuli ni kipimo cha nishati), viini vya atomi vikaungana zikatoka 3.15, watu wakashangilia faida, ila kuziwasha hizo leza zenyewe kulikula kama megajuli 300 za gridi, na hiyo haikuwekwa juu kwa wino mnene. Betri nazo ndo hivyohivyo, cheki kama waliyojaribu ni saizi ya kifungo cha shati au ya gari kweli. Na lile neno "huenda" lililojificha aya ya nane, anzia hapo kusoma.